Kuchoma au kupika kwa mvuke: kuchagua mtambo wa taka za hospitali

Swali linalofika kwanza mezani kwa mganga mfawidhi ni hili: tujenge tanuri au tununue otoklevu, mashine ya kupika taka kwa mvuke? Lina jibu, ila haliwezi kujibiwa kabla ya kujua mambo mawili. La kwanza, mifuko yenu ina nini ndani. La pili, siku umeme umekatika au dizeli imekwisha, taka za siku hiyo zitakwenda wapi. Kila mtambo una kitu unachokikataa. Ukiulazimisha kukipokea, utakirudisha kwa namna nyingine: moshi mweusi wodini, chupa iliyopasuka usoni mwa mtu, au sindano nzima iliyolala ndani ya majivu.

Anza na mizani, si na bei

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila kilo 100 za taka za kituo cha afya, kama 85 ni taka za kawaida tu: karatasi, maboksi, mabaki ya chakula. Zilizobaki 15 ndizo hatarishi. Kwa nchi za kipato cha chini wastani wa taka hatarishi ni kilo 0.2 kwa kitanda kwa siku. Hospitali ya vitanda 120 ingekuwa basi na kilo 24 za kushughulikia kila siku. Lakini maganda ya ndizi na maboksi ya dawa yakitupwa kwenye mfuko wa njano, taka zote huhesabika kuwa hatarishi, na zile kilo 24 hugeuka 160. Hapo mtanunua mtambo wa ukubwa wa karibu mara saba ya mnaohitaji, na mtaulisha mafuta au umeme mara saba kwa miaka yote ya uhai wake. Hakuna mtambo unaotibu kosa la kuchanganya taka.

Kwa hiyo kabla ya kuomba bei popote, chukueni mizani ya kuning'iniza kama ile ya sokoni, mpime kila mfuko kwa siku 7 mfululizo, ikiwemo siku ya kliniki ya watoto na siku ya upasuaji. Andikeni wodi, rangi ya mfuko na kilo. Tanzania na Kenya zinafuata rangi zinazofanana: nyeusi kwa taka za kawaida (Tanzania hata bluu), njano kwa taka zenye maambukizi, nyekundu kwa zile hatari zaidi kama viungo na damu nyingi, na sefti boksi kwa vyenye ncha kali. Sefti boksi ya lita 5 huchukua kama mabomba 100 ya sindano, na hufungwa ikifika robo tatu. Likishindiliwa mpaka juu, sindano hutoboa karatasi na kumchoma anayelibeba.

Hesabu ya kilo 24 ndiyo tutakayoitumia kote hapa chini. Wekeni yenu mahali pake.

Tanuri la matofali

Linalojulikana zaidi katika vituo vyetu ni lile la michoro ya De Montfort, iliyotoka katika chuo kikuu cha jina hilo mjini Leicester, Uingereza. Toleo la Mark 8a huchoma kama kilo 12 kwa saa. Mark 9 ni kubwa, hufika kama kilo 50. Lina vyumba viwili. Cha kwanza kina wavu wa chuma, na taka huungua juu yake. Moshi hupita kwenye tundu la ukuta wa katikati na kuingia chumba cha pili, ambako hewa huongezwa na gesi huungua tena kabla ya kupanda dohani isiyopungua mita 4. Halina umeme wala mota. Fundi mwashi aliyefundishwa hulijenga kwa matofali ya kuhimili moto na saruji yake maalumu, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: linafanya kazi mahali ambapo hakuna nguzo ya umeme.

Udhaifu wake ni kwamba linategemea mkono wa anayeliendesha kuliko mtambo mwingine wowote. Likiendeshwa vizuri joto lake huwa kati ya nyuzi 600 na 900. Ili lifike huko, linawashwa kwa kuni kavu au vifuu vya nazi kwa dakika 20 hadi 30 kabla taka ya kwanza haijaingia. Baada ya hapo taka huingizwa kidogo kidogo, kama kilo moja kila dakika 5, zenye unyevu zikichanganywa na zilizo kavu. Anayemwaga mifuko minne kwa mpigo ili amalize mapema anazima moto wake mwenyewe. Moshi utamwambia: mweusi maana yake taka ni nyingi kuliko hewa, mweupe mzito maana yake taka ni mbichi au tanuri halijapata joto. Likikaa sawa, juu ya dohani unaona hewa ikitetema tu.

Kilo 24 zinahitaji saa mbili pamoja na nusu saa ya kuwasha. Kilo 160 zinahitaji zaidi ya saa 13, na hakuna mtu atakayesimama pale saa 13. Ndiyo maana katika hospitali kubwa zisizotenganisha taka unakuta rundo la mifuko kando ya tanuri, nzi wakizunguka, na mbwa wamekwisha chana miwili mitatu. Tanuri halijaharibika. Limezidiwa tu.

Yanayoharibika yenyewe yanajulikana. Chuma cha wavu hupinda. Milango hujikunja na kuacha nafasi, hewa baridi ikaingia pasipotakiwa. Dohani ya bati hutoboka kwa kutu, na pwani hutoboka haraka zaidi kwa sababu chumvi ya hewa inakutana na asidi inayotokana na plastiki zenye klorini. Matofali yaliyonyeshewa na kuwashwa moto mkali siku hiyohiyo hupasuka, kwa hiyo paa juu ya tanuri si anasa. Tanuri jipya nalo huachwa likauke, kisha huwashwa moto mdogo siku kadhaa kabla ya kazi kamili.

Mahali pa kulijenga panastahili kufikiriwa kwa mwaka mzima, si kwa siku ya ujenzi. Katika pwani yetu, tanuri lililowekwa kusini mwa wodi ya wazazi litaonekana halina tatizo wakati wa kaskazi. Upepo ukigeuka kuwa kusi, moshi wote utaingia madirishani kwa miezi. Lichoreni kwenye ramani pamoja na pepo zote mbili, na mwangalie pia bustani za mboga na visima vya jirani.

Kuna jambo hatuwezi kulipamba. Tanuri la matofali halifikii viwango vya kimataifa vya hewa chafu. Mkataba wa Stockholm wa 2001 unataja vichomea taka za hospitali miongoni mwa vyanzo vikuu vya dioksini na furani, sumu zinazokaa katika mafuta ya mwili na kupita kwenye maziwa ya mama. Sumu hizo hujijenga hasa pale gesi zenye klorini zinapopoa kati ya nyuzi 200 na 450. Huwezi kuzimaliza kwa tanuri hili, lakini unaweza kuzipunguza sana kwa kutotia ndani mipira ya dripu na mifuko ya damu ya PVC (plastiki yenye klorini), na kwa kutomwagia taka dawa ya klorini kabla ya kuzichoma. Hili la pili linafanywa kwa nia njema kila siku, kwamba taka ziuliwe vijidudu kwanza. Moto unaua vijidudu wenyewe. Klorini inaongeza sumu tu.

Mtambo wa dizeli

Huu ni ule wa kiwandani, sanduku la chuma lililotandikwa matofali ndani, lenye bana mbili zinazopuliza dizeli ikiwa inawaka: moja chumba cha chini, nyingine chumba cha juu. Kazi ya ile ya juu ni kuunguza moshi. Chumba cha juu kinatakiwa kifike nyuzi 850 kabla taka haijaingia, na gesi zikae humo kwa sekunde 2 au zaidi. Taka zikiwa na klorini nyingi kupita asilimia 1, kiwango kinapanda hadi nyuzi 1,100. Ukiendeshwa hivyo, ni bora kwa mbali kuliko tanuri la matofali, na unaweza kupokea vitu ambavyo mvuke hauvigusi.

Tatizo ni neno "ukiendeshwa hivyo". Bajeti ikibana, bana ya juu ndiyo huzimwa kwanza, kwa kuwa taka zinaonekana kuungua vilevile bila hiyo. Kuanzia hapo hospitali ina tanuri la kawaida lililonunuliwa kwa bei ya mtambo. Fanyeni hesabu ya mafuta kabla ya kusaini. Tuseme bana zote mbili zinakunywa lita 12 kwa saa, na kazi ya siku ni dakika 40 za kupasha na saa moja ya kuchoma. Hizo ni lita 20 kwa siku, lita 520 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Zidisheni kwa bei ya leo kwenye kituo cha mafuta, kisha mwulizeni mhasibu kama fedha hiyo ipo kila mwezi, hata mwezi ambao ruzuku imechelewa. Jibu likiwa la kusitasita, msinunue.

Mengine ya kuangalia: pua za bana huziba kwa dizeli chafu, kwa hiyo kichujio cha akiba ni lazima, kipima joto cha chumba cha juu hufa mapema na mara nyingi hakibadilishwi, mwendeshaji akabaki anakisia, na matofali ya ndani hupasuka mtambo ukipashwa kwa pupa asubuhi ya baridi.

Otoklevu

Otoklevu haichomi. Inapika taka kwa mvuke wenye shinikizo mpaka vijidudu vyote vife. Haitoi dioksini, haihitaji dohani, na inaweza kukaa karibu na majengo. Kwa pamba, bandeji, glavu, mabomba ya sindano, mipira ya dripu na taka za maabara, yaani sehemu kubwa ya mfuko wa njano, tunaiona ndiyo njia bora kwa hospitali yenye umeme na maji. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne za Afrika, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, zilizoshiriki mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa uchomaji hospitalini, na kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanyia kazi mitambo ya mvuke ya bei nafuu. Si teknolojia ngeni kwetu.

Ukubwa. Taka za mfuko ni nyepesi, mita moja ya ujazo ina kama kilo 100. Kilo 24 ni lita 240. Otoklevu ya lita 100 ikijazwa robo tatu, kama inavyotakiwa, inameza kilo 7.5 kwa mzunguko. Itahitaji mizunguko minne, kila mmoja saa moja na nusu hadi mbili, siku nzima imekwisha. Ya lita 200 inamaliza kwa mizunguko miwili na kuwaachia nafasi siku ya dharura. Ikiwa na hita ya kilowati 9, kila mzunguko hula pengine uniti 8. Hita hiyo haichomekwi kwenye soketi ya ukutani, kwa hiyo fundi umeme apime waya na kikata umeme kabla mashine haijafika, na jenereta yenu iwe na uwezo wa kuibeba pamoja na chumba cha upasuaji.

Aina mbili. Kuna isiyo na pampu, ambamo mvuke husukuma hewa itoke yenyewe kwa chini, na kuna yenye pampu ya kunyonya hewa kwanza. Tofauti hii ndogo ya maelezo ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu adui wa otoklevu ni hewa. Mfuko uliofungwa fundo gumu hubaki na hewa ndani, mvuke hauingii, na katikati ya mfuko taka hutoka vuguvugu tu ilhali kioo cha mashine kinaonyesha nyuzi 121. Kwa taka, tafuteni yenye pampu. Hapo nyuzi 121 kwa dakika 30 ndicho kima cha chini. Isiyo na pampu ianzishwe kwa dakika 60, na kipimo cha vijidudu ndicho kiamue kama zinatosha. Mifuko iingie midomo ikiwa wazi, isishindiliwe. Taka zilizo kavu mno zimwagiwe maji kidogo, kama robo lita kwa mfuko, ili mvuke uzaliwe ndani yake.

Hapa kuna jambo linalosahaulika katika miji yetu ya juu. Nyuzi 121 huendana na shinikizo la kama bar 1.05 kwenye geji, lakini hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Nairobi au Mbeya, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, hewa ya nje ni nyepesi, na geji ileile ikisoma bar 1.05 joto halisi ndani ni kama nyuzi 118. Inatakiwa geji ipande hadi karibu bar 1.25. Mashine inayoongozwa kwa kipima joto haina shida hii. Inayoongozwa kwa geji peke yake inaweza kutoa taka zisizoiva kwa miaka, kila siku, bila mtu kujua. Mwulizeni muuzaji inaongozwa na nini.

Kupima. Utepe unaobadilika rangi unasema tu kwamba mfuko umepata joto. Hausemi kwamba vijidudu vimekufa. Ushahidi wa kweli ni kichupa chenye spora (mbegu ngumu) za Geobacillus stearothermophilus, bakteria mgumu kufa kwa joto, kinachofichwa katikati ya mfuko uliojaa zaidi. Baada ya mzunguko kinawekwa kwenye joto la nyuzi 55 hadi 60 kwa saa 24 hadi 48, pamoja na kichupa kingine ambacho hakikupikwa. Ambacho hakikupikwa lazima kigeuke njano. Kilichopikwa lazima kibaki zambarau. Vikibaki zambarau vyote viwili, kipimo chenyewe kimekufa na matokeo hayana maana. Fanyeni hivi mara moja kwa wiki, na kila baada ya matengenezo.

Inapokosea. Mpira wa mlango huchoka, mvuke ukavuja na joto likagoma kupanda. Maji ya kisima yenye chumvi hujenga gamba kwenye hita na kula chuma cha ndani hata kama ni kile kisichoshika kutu. Maji ya mvua yaliyochujwa ni rafiki bora wa otoklevu ya pwani. Mifuko ya kawaida ya njano huyeyuka na kuganda kwenye kuta, hivyo iwekwe ndani ya ndoo ya chuma yenye matundu, au inunuliwe mifuko ya polipropilini inayostahimili mvuke. Na vitu vilivyoloekwa kwenye klorini visiingie humo, maana hutoa gesi inayomdhuru mwendeshaji na kutoboa chumba.

Dosari moja haiondoki: taka hutoka zikiwa na sura ileile. Bomba la sindano lililopikwa linafanana na ambalo halijapikwa, na likionekana dampo, watu wana haki ya kuogopa, na kuna wanaoweza kuliokota. Lazima kuwe na mashine ya kusaga baada ya otoklevu, au kikata sindano wodini, sindano iende shimoni na bomba lipikwe peke yake. Muuzaji akiwaandikia bei ya otoklevu bila kugusia jambo hili, bei hiyo ni nusu.

Mitambo ya maikrowevu, ambayo baadhi ya hospitali za kaunti nchini Kenya zimefungiwa, husaga na kupasha taka ndani ya mashine moja. Inamaliza tatizo la sura. Lakini visu vyake huvunjwa na chuma cha upasuaji kilichoingia kwa bahati mbaya, na kisu kikivunjika mashine yote inalala mpaka vipuri vifike. Inafaa hospitali kubwa yenye mkataba wa matengenezo ulio hai, si kituo kidogo.

Nini kinaingia wapi

| Taka | Tanuri la matofali | Mtambo wa dizeli | Otoklevu |
|---|---|---|---|
| Pamba, bandeji, glavu | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo |
| Sefti boksi | Ndiyo, sindano hubaki na ncha | Ndiyo, majivu yaende shimoni | Ndiyo, kisha kusagwa au shimoni |
| Mipira ya dripu, mifuko ya damu | Hapana | Kwa nyuzi 1,100 tu | Ndiyo |
| Vichupa na ampuli zilizofungwa | Hapana, hupasuka na kioo huziba wavu | Hapana | Zenye maambukizi tu |
| Kondo la nyuma, viungo | Shimo ni bora | Ndiyo | Hapana |
| Dawa zilizokwisha muda | Hapana | Hapana | Hapana |
| Zebaki, betri, makopo ya gesi | Kamwe | Kamwe | Kamwe |

Mstari wa dawa unahitaji maneno zaidi. Dawa za saratani zinataka joto la nyuzi 1,000 hadi 1,200, ambalo mitambo ya hospitali za wilaya haina. Dawa za kawaida zilizokwisha muda hutolewa kwa utaratibu wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) Tanzania, au Bodi ya Famasia na Sumu Kenya. Kiasi kidogo cha vidonge kinaweza kufungiwa kwenye pipa la chuma: jazeni robo tatu, kisha mimineni mchanganyiko wa chokaa, saruji na maji kwa uzito wa 15, 15 na 5, mfunge. Zebaki ya kipimajoto kilichovunjika ikiingia motoni inakuwa mvuke wa sumu. Ikusanyeni kwenye chupa yenye maji kidogo na kifuniko kinachobana, muihifadhi kando.

Mashimo ambayo kila chaguo linayahitaji

Hakuna mtambo kati ya hii unaofuta haja ya shimo. Wanaonunua mtambo na kusahau mashimo huishia kuchoma kondo la nyuma, kazi inayozima moto wowote kwa sababu kondo ni maji karibu tupu.

Shimo la kondo, au zalia kama wanavyosema pwani, liwe na kuta imara, kifuniko cha zege chenye mlango unaofungwa kwa kufuli, bomba la hewa lenye wavu wa kuzuia nzi, umbali wa mita 50 kutoka chanzo cha maji, na kitako chake kiwe mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini wakati wa masika. Pimeni hilo mwezi wa Mei, si Agosti. Msimwage klorini humo. Kinachokula kondo ni bakteria. Mkiwaua, shimo litajaa kwa miezi badala ya miaka, na litanuka. Jengeni mawili: la kwanza likijaa lifungwe lipumzike miaka miwili, la pili lianze. Familia ikiomba kondo ikazike nyumbani kwa mila yake, au kiungo kilichokatwa kikazikwe kwa taratibu za dini, wapeni kwa heshima ndani ya chombo kisichovuja, pamoja na maelezo ya namna ya kukishika na kina cha kuchimba.

Shimo la ncha kali ni tofauti. Hili hujengwa kwa zege pande zote na chini, lenye bomba jembamba juu la kudondoshea sindano ambalo mkono haupiti. Likijaa humiminwa saruji na kuzikwa. Majivu ya tanuri nayo yana shimo lake, na hutolewa asubuhi yake yakiwa yamepoa, kwa koleo, kamwe si kwa mkono.

Kusafirisha badala ya kununua

Zahanati ya sefti boksi mbili kwa wiki haihitaji mtambo wake. Inahitaji gari la kuaminika. Hospitali ya wilaya ikiwa na otoklevu yenye nafasi, zahanati kumi zinazoizunguka zinaweza kuileta kazi hapo. Masharti ni magumu kidogo: taka zenye maambukizi zisikae zaidi ya saa 24 msimu wa joto au 48 msimu wa baridi bila ubaridi wa kuhifadhia, gari lisibebe chanjo au chakula katika safari hiyohiyo, na kila boksi lisainiwe linapotoka na linapofika. Sefti boksi zilizofungwa vizuri husubiri zaidi bila kuoza, ndiyo maana utaratibu huu huanza nazo. Taka za mgonjwa wa Marburg au Ebola haziingii kwenye mpango huu kabisa. Hutibiwa palepale alipolazwa.

Anayesimama mbele ya mtambo

Mara nyingi ni kibarua asiye na mkataba, amevaa kandambili na barakoa iliyokwisha tumika. Sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye homa ya ini aina ya B ikimchoma, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa homa ya ini C ni chini ya asilimia 2, kwa VVU kama asilimia 0.3. Ile ya asilimia 30 ina chanjo: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu baada ya miezi sita. Kuiacha ni kumfanya mtu alipe kwa ini lake akiba ya hospitali. Gambuti, glavu nzito za mpira, aproni, miwani, na kwa tanuri glavu za ngozi na barakoa ya kuchuja moshi: hivi viingie kwenye bajeti ya mtambo, mstari wa kwanza. Na ajue, kabla ya siku ya kwanza, kwamba akichomwa ananawa kwa maji na sabuni, haminyi kidonda, na anafika kupata dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 2 ikiwezekana, wala asivuke saa 72.

Tungechagua nini

Zahanati isiyo na umeme, barabara ikipitika: sefti boksi zisafirishwe, mashimo mawili yajengwe, tanuri lisijengwe. Barabara ikikatika kila masika: tanuri la matofali la kilo 12, chini ya paa, na mtu mmoja aliyefundishwa pamoja na wa kumpokea.

Kituo cha afya chenye umeme wa saa chache: otoklevu ndogo yenye pampu, mizunguko ipangwe saa ambazo umeme upo, tanuri la zamani libaki la akiba badala ya kubomolewa.

Hospitali ya wilaya ya vitanda 100 hadi 200: otoklevu ya lita 200 yenye pampu, kisagio, shimo la kondo na la ncha kali. Tukipewa fedha za kutosha mtambo mmoja wa dizeli, tungezitumia hapa, na zinazobaki tungenunulia ndoo za rangi kwa kila wodi.

Hospitali ya rufaa yenye kliniki ya saratani: otoklevu kwa sehemu kubwa ya taka, na mkataba na mwenye mtambo wa joto la juu kwa dawa za saratani peke yake, akiwa na leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya. Ombeni kuiona leseni yenyewe na tarehe yake.

Mkataba wa ununuzi, wowote ule mtakaochagua, uandikwe kwamba malipo ya mwisho hayatoki siku mtambo unapowashwa. Yatoke baada ya siku 30 za kazi ya kawaida, waendeshaji wawili wakiwa wamefundishwa, mipira miwili ya mlango na hita moja ya akiba, au pua mbili za bana, zikiwa stoo, vichupa vya spora vya mwaka mzima vikiwa vimepokelewa, na vipimo vinne vya kila wiki vimetoka safi katika mashine yenu, kwa taka zenu, kwenye mwinuko wa mji wenu.